Salamu Upande wa Kushoto

Jumamosi iliyopita, katika ukumbi mmoja wa harusi pale Ukunda, vijana wawili wa jukwaani walinong'onezana kwamba mzee wa dramu kachanganyikiwa. Walikuwa wamezipanga dramu zake kushoto, mahali wanapozipanga siku zote, naye akawaambia wazihamishe zote, na kizulia chake cha chini, wazipeleke upande wa pili. "Lakini mzee, soketi ziko huku," mmoja akasema. "Basi leta waya mrefu." "Utamziba mpiga kinanda." "Mpiga kinanda mwembamba, atajibana." Walipomaliza kuhamisha, huku wakipandishiana nyusi, mzee akatoa leso mbili za mkewe kwenye mfuko wa rambo, akayafunga matoazi yake moja baada ya jingine, vizuri, kama mtu anayefunika chakula kisiingiwe na nzi. Hapo kijana mmoja akashindwa kabisa, akaenda kukaa nje. Nami nilikuwa nimekaa karibu na ndoo ya sharubati, umbali wa kusikia kila kitu, na ningeweza kuwaeleza sababu. Sikuwaeleza. Nimejifunza kusema, lakini sijajifunza kusema kila kitu. Nikamtazama mjomba wangu Rama, aliyekuwa amesimama pale chini na gitaa lake mgongoni, na nikaukumbuka ule mwaka wangu wa kidato cha tatu, mwaka aliokuja kukaa nasi, na ambao ndio ulionifanya nilivyo.

Mwaka ule nilikuwa nakaa kwa Bibi, Msambweni, kwa sababu shule ilikuwa karibu na hapo. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na sita na sauti ambayo haikufika popote. Sisemi hivi kwa kujihurumia, ndivyo ilivyokuwa. Mwalimu wa zamu aliwahi kuniandika kwamba sikuja shule, nami nimekaa dawati la mbele, kwa sababu "nipo" yangu haikuvuka meza yake. Dukani nilisimama mpaka muuzaji anione mwenyewe. Niliyokuwa nataka kuyasema mchana niliyaandika jioni, kitandani, nikijibu watu kwa maneno makali ambayo hawakuyasikia wala hawatayasikia. Bibi alikuwa akisema, "Mejumaa hana maneno, ana macho," na wageni wakinitazama, macho nayo nikayainamisha.

Mjomba Rama alifika mwanzo wa mwaka, mchana wa jua kali, kwa tuktuk iliyolemewa nyuma. Alikuwa na begi moja la nguo, gitaa la umeme jekundu lililobanduka rangi pale mkono unapoegemea, na amplifaya kubwa iliyombidi dereva asaidie kuishusha. Bibi alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Hilo jokofu?"

"Spika, Mama."

"Linagandisha?"

"Linaunguruma."

"Basi na lilale nje na wenzake."

Lakini hakulilaza nje. Aliifagia ile stoo iliyopakana na jiko, akatoa magunia ya nazi, akatandika kitanda cha kamba, na jioni akapika samaki wa kupaka, chakula ambacho Bibi hakipiki bila sababu. Tulikula watatu mkekani. Nilisubiri aulizwe kwa nini amerudi. Bibi hakuuliza. Alimwekea kipande cha shingo, kile chenye mafuta, akasema, "Kula, umekonda kama kamba ya kuanikia." Nami nikamuamkia kwa mara ya pili, kwa kuwa ya kwanza hakuijibu. "Shikamoo Mjomba." Akaendelea kutoa miba. Sikushangaa wala sikukasirika. Nilidhani ni yale yale, kwamba nimesema ndani ya kifua changu.

Huyu mtu nilikuwa nikimjua kwa sifa kuliko kwa sura. Miaka kumi na zaidi alikuwa mpiga gitaa wa Matumbawe, bendi ya roki, mojawapo ya bendi zilizokuwa zikipiga katika mahoteli ya Diani kutoka mwisho mmoja wa barabara hadi mwingine. Siku za katikati ya wiki walivaa mashati ya maua, wakawapigia wageni nyimbo za makaribisho wakati wa chakula, nyimbo ambazo Mjomba alisema mtu anaweza kuzipiga huku amelala na asianguke. Lakini Ijumaa walikuwa wao. Ijumaa walipiga roki katika baa moja ya Ukunda, wakiwa na mashati meusi, na watu walitoka Likoni na Shimba Hills kuja kumsikia Rama. Nimeonyeshwa video kwenye simu: kijana mwembamba wa Kidigo, amefumba macho, anavuta uzi mmoja wa gitaa mpaka unalia kama paka aliyekanyagwa na baadaye kama mtu anayecheka, na nyuma yake, kushoto kabisa, karibu kugusana naye, Athumani wa dramu anayapiga matoazi yake kama anadai haki. Jukwaa la baa lile lilikuwa dogo kama kitanda. Walikaa hivyo, bega na toazi, miaka yote hiyo.

Halafu akaacha. Hakufukuzwa, hakuhama bendi, hakuumwa. Alishuka jukwaani Ijumaa moja na Ijumaa iliyofuata hakupanda. Kila mtu Msambweni alikuwa na sababu yake. Nilizisikia zote kwa sababu mtu asiyesema husahaulika chumbani, na watu huongea mbele yake kama mbele ya kabati. Jirani yetu, anayekuja kwa Bibi kukuna nazi na habari, alisema ni kiburi. "Mtu akishazoea kupigiwa makofi na wazungu, salamu za wenziwe hazimwingii tena. Muulize Athumani. Siku wanamzika babake kule Gazi, Athumani kasimama na wafiwa, Rama anapita pale pale mbele yake, Athumani anamtolea salamu, asalaam aleikum. Kimya. Kapita kama kapita mgomba." Bibi aliendelea kukuna. "Na si siku hiyo tu," jirani akasema. "Muda mrefu. Wenziwe wanamsalimu, hajibu. Sasa salamu ni deni, mama, hata adui yako ukimjibu hujapungukiwa." Bibi akasema, "Ongeza nazi hiyo, yako inabaki nyama," na mazungumzo yakaishia hapo. Lakini nilimwona usiku ule akimtazama mwanawe kwa muda mrefu, naye mwanawe akimtazama yeye mdomo.

Kwetu Kwale mjomba si jamaa wa kutembelewa tu. Ndiye anayeulizwa. Mtoto akitaka kuoa, akitaka kwenda, akitaka kuacha, huambiwa mjombako kasemaje. Kwa hiyo ingawa nilimwogopa, nilijiona nina haki naye. Aliifanya ile stoo kuwa karakana ya kutengeneza spika, redio na vipaza sauti vya misikiti, na nikitoka shule nilikwenda kukaa kwenye kreti la soda karibu na mlango. Meza yake ilitazama ukuta. Dirisha lilikuwa kuliani kwake, mlango kushotoni, na kreti langu kushoto vile vile, nyuma kidogo ya kiwiko chake. Kulinukia risasi ya kulehemu iliyoyeyuka na vitunguu vya Bibi kutoka jikoni. Yeye alifanya kazi akitikisa kichwa taratibu, nami nikaanza kuongea.

Sijui ilikuwaje. Labda ni kwa sababu hakugeuka kunitazama. Nilianza na mambo madogo, kwamba muhogo wa shule una nyuzi, na nikaona anatikisa kichwa. Siku iliyofuata nikamwambia kuhusu Zuhura wa darasani aliyeigiza ninavyojibu maswali mpaka darasa zima likacheka. Akatikisa kichwa. Nikamwambia ninavyochelewa kwenda kula makusudi ili nisipange foleni na watu. Nikamwambia ninavyoandika usiku. Nikamwambia nataka kujifunza gitaa, naye akatikisa kichwa vizuri sana, mara mbili, akachukua bisibisi. Nilitoka pale nikiwa mwepesi. Katika maisha yangu hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza bila kunikatiza na bila kusema "paza sauti". Nilimpenda kwa hilo kuliko ninavyoweza kueleza. Watu wote walisema hajibu salamu kwa kiburi, nami peke yangu, nisiyejibiwa salamu siku zote, nilisema moyoni kwamba hawamjui.

Jioni, kabla ya magharibi, alikuwa akilichukua gitaa bila kuliunganisha na chochote. Gitaa la umeme lisilo na umeme lina sauti ndogo, kama mtu anayesuka ukili wa mkeka chumba cha pili. Alikuwa akilipakata, akaliegemeza shavu lake, shavu la kushoto, kwenye ile pembe ya juu ya mbao, hata wakati mwingine akaibana kwa meno. Bibi akipita alisema, "Linyonyeshe kabisa." Mjomba alicheka pale tu alipomwona Bibi anacheka, kama vile ndipo alipojua kuna kitu cha kuchekea. Nililitazama jambo hilo kila siku na sikulielewa. Macho niliyosifiwa nayo hayakuwa na faida kubwa.

Nililielewa siku ya shati. Alikuwa akilehemu waya, mkono wa kulia umeinua ubao mdogo juu dirishani auone vizuri, na kile chuma cha moto amekiegemeza kwenye kishikio chake kushoto. Kiwiko cha kushoto kikateleza, kikakigusa. Nikaona mkono wa shati unaanza kufuka moshi. "Mjomba, shati linaungua," nikasema. Akatikisa kichwa. "Mjomba, shati." Akatikisa kichwa, akauma mdomo, akapuliza waya. Mara ya tatu nilisema kwa nguvu zangu zote, ambazo hazikuwa nyingi, na bado kile kichwa kikawa kinakwenda chini na juu, chini na juu, na hapo ndipo nikaona kwamba hakuwa akinijibu mimi. Alikuwa akifuata mdundo wa wimbo alionao kichwani. Nikainuka nikamvuta mkono. Aliruka, akaliona shati, akalipiga piga, na tukabaki tunatazamana, tundu la ukubwa wa shilingi kiwikoni mwake na ngozi nyekundu chini yake.

"Mbona hukusema?"

"Nimesema. Mara tatu."

Kisha akageuza kiti chake chote, mpaka sikio la kulia likawa kwangu. "Sema hapa."

"Nimesema mara tatu, Mjomba."

Aliniambia yote, pole pole, huku Bibi akitwanga kinuni upande wa pili wa ukuta. Lilianza kama mbu, akasema, mbu mmoja sikioni baada ya kila Ijumaa, na asubuhi mbu hayupo. Halafu mbu akahamia. Halafu mbu akabaki peke yake na vingine vyote vikaondoka. Akawa anaipandisha amplifaya kila wiki, hoteli wakalalamika, wenzake wakamwambia punguza, naye akadhani ni wivu wao tu. Akawa anaingia solo kachelewa, kwa kuwa zile ishara za Athumani zinatoka upande wa sikio lililokufa. Mutuku wa besi, kijana wa Shimba Hills, akawa anamfunika, anarudia rudia noti zake mpaka Rama aingie, bila kumuuliza kitu. "Ijumaa ya mwisho," Mjomba akasema, "niliufunga wimbo, nikainamisha kichwa kupokea makofi, nikaona watu wote wananitazama. Wenzangu walikuwa hawajamaliza. Walikuwa katikati."

"Kwa nini hukuwaambia?"

"Niwaambie nini? Mpiga gitaa kiziwi? Na huku, fundi wa spika asiyesikia, nani atamletea kazi?" Akanishika bega. "Usimwambie mtu, Mejumaa. Hata mama."

Nikaahidi. Halafu akakumbuka kitu, akakunja uso. "Wewe hukaa hapo kila siku. Midomo yako naiona kwa pembe ya jicho, inacheza. Nikadhani unasoma masomo yako. Kumbe unaniambia mambo?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu umekuja."

Alicheka mpaka akafuta macho kwa lile shati lililoungua. Mimi niliona aibu, halafu aibu ikageuka kitu kingine, sijui nikiite nini, mfano wa kuvua kiatu kinachobana. Siri zangu zote za miezi miwili zilikuwa zimemwagwa kwenye sikio lililofungwa. Hakuna aliyezisikia. Nilikuwa bado nazo zote.

"Basi anza upya," Mjomba akasema. "Fupisha."

Nikalihamisha kreti. Hapakuwa na nafasi upande wa dirisha, nikalikaza kati ya meza na ukuta, magoti yakagusa amplifaya. Nilianza na gitaa, kwa kuwa yale mengine yalionekana madogo ghafla. Akanifundisha. Na akaanza kunitumia. Vipaza sauti vya misikiti vililetwa vingi wakati ule, mwezi wa Ramadhani ukikaribia, na sauti za juu, zile za mkwaruzo, alikuwa hana uhakika nazo hata kwa sikio zima. Akanisimamisha mwisho wa ua, kwenye mpapai, akajaribu. "Vipi?" akauliza kwa mkono. Nilitakiwa kujibu kutoka kule. Siku ya kwanza nilikuja mbio mpaka mlangoni kumwambia inakwaruza. Akanirudisha. "Sema ukiwa hapo. Nikihitaji mtu wa kukimbia nitanunua mbuzi." Nikasema. Akakinga mkono sikioni. Nikasema tena. Kuku wakatawanyika, Bibi akachungulia jikoni na unga mikononi, na nikaisikia sauti yangu mwenyewe ikigonga ukuta wa jirani na kurudi: inakwaruza. Haikuwa mbaya. Nilitegemea itakuwa mbaya.

Ramadhani ilipoingia alilitundika gitaa ukutani, akalifunika shuka, na hakuligusa mwezi mzima. Ndivyo alivyozoea hata alipokuwa na bendi. Tulifuturu uani, muhogo wa nazi, tambi, kaimati, uji wa pilipili manga, na adhana ikatoka kwenye kipaza sauti nilichokipigia kelele mimi. Mjomba alikuwa akinitazama nami nikatikisa kichwa: imenyooka. Nilikuwa na furaha mwezi ule. Naandika hivi kwa sababu watu hudhani mtoto mnyamavu ana huzuni. Mimi nilikuwa nimeshiba, na nilikuwa na mtu.

Asubuhi ya Idi watu waliporudi kutoka kuswali, Mjomba alikunywa chai yake haraka, akaingia karakana na kanzu yake mpya, akalifunua gitaa. Nilikuwa nikipeleka sinia ya kaimati kwa majirani. Kulikuwa na mawingu, jua halikutoka kabisa. Nikakutana na wageni wawili wanaingia uani: mwanamume mnene mwenye kofia ya kito, iliyodariziwa kwa mkono, ambaye nilimjua kwa video, na kijana mrefu mwenye suruali ya jinzi ambaye Bibi alishamshika mkono.

"Mimi si mtu wa Idi, shosho," Mutuku akamwambia, "lakini pilau tunafahamiana kitambo."

"Mimi si shosho, mimi bibi. Kaa. Rama yuko karakana yake, Athumani, pita tu, wewe si mgeni."

Athumani alikuwa amekaza uso kama mtu aliyekuja na maneno aliyoyapanga njiani na anaogopa yasimwagike. Nilijifunza baadaye kwamba mpiga gitaa wao mpya alikuwa amekimbilia Mombasa, hoteli imewaita tena, na Mutuku amemng'ang'ania Athumani wiki nzima mpaka akakubali kuja. Siku ya Idi watu husameheana. Siku nyingine asingekuja. Alivua viatu kwenye mlango wa karakana. Nami nikasimama na sinia yangu.

Mjomba alikuwa amekaa kuelekea ukuta, macho amefumba, shavu la kushoto limelalia gitaa. Wateja siku zote hutanguliwa na kivuli chao mlangoni, ndicho kinachomgutusha. Siku ile hapakuwa na kivuli.

"Asalaam aleikum," Athumani akasema.

Mjomba akapiga uzi mmoja, akausikiliza kwa mfupa wa shavu.

"Asalaam aleikum, Rama." Sauti ilikuwa ya juu kidogo, lakini si ya juu sana, mtu hapigi kelele anapotoa salamu, haipendezi. Mjomba akatabasamu, akiwa na gitaa lake. Kwa yeyote aliyesimama mlangoni lilikuwa tabasamu la dharau. Niliona shingo ya Athumani ikibadilika rangi. Mtu hubisha mara tatu, asipojibiwa hurudi alikotoka. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa sote katika chuo cha Kurani, na nilijua anahesabu. Akasema ya tatu, kwa sauti ya chini kuliko zote, kama anayemaliza wajibu wake mbele ya Mungu. Kisha akainama akashika viatu vyake.

Nilikuwa nimeahidi. Nilijua pia kwamba mtu huyu akivivaa viatu hivyo hatavivua tena katika nyumba hii, na Mjomba hatajua hata kwamba alikuja, na jirani atapata la kusema mpaka Idi nyingine. Yeye alishapiga hatua mbili uani, mgongo umenigeukia, na niliona kama kati yetu kuna umbali ule ule wa kutoka mpapai.

"Ami Athumani," nikasema, kwa sauti ya mpapai.

Ua wote ukanigeukia. Bibi, Mutuku na kijiko chake, kuku.

"Zunguka," nikasema. "Pita nyuma yake, usimame dirishani. Mtolee salamu upande wa kulia."

Alinitazama kama ninamfanyia mzaha. Sikuinamisha macho. Sijui alichokiona, lakini aliviweka viatu chini, akaingia, akapita nyuma ya kiti kwa ubavu, tumbo limekwaruza ukuta, akasimama dirishani.

"Asalaam aleikum."

Mjomba akafumbua macho. "Waaleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh," akasema, yote, mpaka mwisho, na uso wake ukafunguka hivi kwamba hata mimi nilitazama pembeni. "Athumani. Umeingia saa ngapi? Karibu, keti, Mejumaa lete kaimati, umekuja na nani?" Aliongea bila kupumua. Athumani hakukaa. Alirudi nyuma ya kiti, kushoto, mahali nilipokuwa nikikaa mimi, na wakati Mjomba bado anasafisha meza na kuuliza habari za watoto, akasema salamu tena, taratibu. Mjomba akaendelea kusafisha meza.

Athumani akakaa kwenye kreti langu. Lililia.

"Upande wangu," akasema, kwa mtu yeyote. "Huo ulikuwa upande wangu. Upande wa matoazi."

Mjomba aligeuka akamkuta ameketi pale, akanitazama mimi mlangoni. "Umemwambia?"

"Nimemwambia azunguke tu."

Mutuku alikuwa amefika nyuma yangu na sahani. Athumani akavua kofia, akaiweka gotini, akageuka ili midomo yake ionekane. "Siku ya baba, kule Gazi. Nilisimama upande gani?"

"Sikukuona. Nilikuwa namtazama Mutuku, analia kuliko wafiwa. Nikarudi kukupa mkono, wakaniambia umeshaingia ndani."

"Na mimi huu muda wote nimekuwa nikikusema."

"Umesema nini?"

"Mengi."

"Anza upya," Mjomba akasema. "Fupisha."

Hapo Athumani alicheka, na kucheka kule kulikuwa na maji ndani yake, na Bibi akaita kutoka jikoni kwamba pilau haingoji mabwana. Alikuwa amesikia yote. Nilipokwenda kuchukua sahani hakuniuliza kitu. Aliniambia tu kwamba mtoto wake amekuwa akimtazama mdomo tangu arudi, na yeye akadhani anahesabu meno yaliyobaki. Tulikula sote sinia moja uani. Mjomba alisema mapema, kabla ya kuulizwa, kwamba hotelini harudi. Hawezi. "Nani kakwambia nimekuja kwa ajili ya hoteli?" Athumani akasema. "Lakini tulikuja kwa ajili ya hoteli," Mutuku akasema, na akaongezewa nyama ili anyamaze.

Hakurudi kweli. Mwaka ule ulipoisha alikuwa bado fundi wa spika, na hadi leo ni fundi wa spika, na kazi hazikupungua walipojua. Watu walisema tu kwamba sasa wanaelewa kwa nini Mejumaa hupiga kelele uani. Kilichobadilika ni Jumapili mchana. Wale wawili wakawa wanakuja, Mutuku na besi yake, Athumani bila dramu, anapiga mkebe wa unga kwa viganja, amekaa kuliani. Roki waliyoipiga ilikuwa ndogo, iliweza kukaa kwenye ua mmoja bila kumwamsha mtoto wa jirani. Mjomba alisema hajawahi kuusikia uzi wa gitaa vizuri kama hivyo, kwa kuwa miaka yote ile alikuwa akiupiga ili uishinde kelele, si ili ausikie. Mimi nilikaa nao na gitaa la kuazima, nikakosea, nikaambiwa nimekosea. Shuleni niliendelea kuwa mnyamavu. Ila "nipo" yangu ilifika.

Jukwaani Mjomba alikuwa hajapanda tangu Ijumaa ile. Jumamosi iliyopita ilikuwa harusi ya binti ya Athumani, na Athumani alisema bendi itapiga na Rama au haitapiga. Ndiyo maana ya dramu kuhama, na matoazi kuvaa leso, yasimle hata sikio lililobaki. Walipokuwa wanajipanga nilipanda kumpelekea Mjomba maji. Nilijikuta kushoto kwake, kwa mazoea, na nikasema, "Shikamoo Mjomba." Alikuwa akikaza uzi, akitikisa kichwa. Nikazunguka nyuma yake, nikaruka waya mrefu, nikambana yule mpiga kinanda zaidi, nikasema tena, na ukumbi mzima ukageuka.

"Marahaba, Mejumaa," akasema. "Mbona unapiga kelele?"